Kijana wangu anataka kuingia mbio za magari: pesa zitangulie kwenye injini au kwenye usalama?

MamaDan_Umoja ameuliza:

Hamjambo wanajukwaa. Kijana wangu ana umri wa miaka 23, ni fundi katika gereji moja ya Industrial Area, na tangu Safari Rally iliporejea katika ratiba ya mashindano ya dunia mwaka wa 2021 hana mazungumzo mengine. Amenunua Subaru Impreza kuukuu ambayo kwa sasa imesimama uani juu ya mawe, na ameniomba nimkopeshe sehemu ya pesa za chama zamu yangu itakapofika, ili aiandae kwa autokrosi (mbio fupi za kushindana na saa kwenye uwanja wa udongo) na, Mungu akijalia, mbio za kitaifa baadaye. Baba yake amekataa katakata. Mimi sijakataa wala sijakubali, kwa sababu najua nikimfungia mlango huu ataitoa hiyo Subaru usiku kwenye barabara kuu pamoja na wenzake, na huko hakuna mkaguzi wala ambulensi.

Kinachonitia wasiwasi ni bajeti aliyoniletea. Ameiandika kwa mkono kwenye ukurasa wa daftari: turbo, springi na shokabzoba, magurudumu, kompyuta ya injini, kila kimoja na bei yake. Chini kabisa, kwa kalamu ya rangi nyingine, ameandika "usalama", na hapo kuna vitu vitatu tu: mabomba ya keji, yaani fremu ya chuma ya ndani ya gari, ambayo atayachomelea mwenyewe akisaidiwa na rafiki yake, mikanda iliyotumika anayouziwa na mtu, na helmeti ambayo tayari anayo, yaani ile anayovaa akiwa kwenye pikipiki. Mstari huo wote haufikii bei ya turbo peke yake.

Naomba wanaoujua mchezo huu kwa karibu wanieleze ni kitu gani hasa kinachoua au kulemaza watu ndani ya magari haya, na katika mstari ule wa mwisho ni kipi kinachoweza kupunguzwa na kipi hakiguswi. Tafadhali msinifiche kwa kuniogopea moyo.

---

Kiti_cha_Kushoto amejibu:

Mama Dan, heshima yako. Mimi ni mwelekezi. Huketi upande wa kushoto nikisoma noti za njia huku mwenzangu akiendesha. Mwelekezi hana usukani wala breki, kwa hiyo sina budi kulichukulia swali lako kwa uzito wote.

Nianze na hesabu, maana vijana wengi huitikia hesabu kuliko maonyo. Chukua gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa, ligonge mti, na pua yake ibonyee nusu mita kabla ya kusimama kabisa. Mtu aliye ndani anasimamishwa kwa nguvu inayokaribia mara 80 ya uzito wake. Pua ikibonyea mita nzima, nguvu hiyo hushuka hadi kama mara 40. Sasa kichwa cha mtu pamoja na helmeti vina kilo sita hivi, na hiyo maana yake ni kwamba hata katika ajali hii ya pili, iliyo nafuu, shingo inavutwa na mzigo wa kama kilo 240. Mikanda inakishika kiwiliwili barabara, lakini kichwa hakijafungwa na kitu chochote, kwa hiyo kinaendelea na safari. Mahali panapovunjika ni chini ya fuvu, pale linapokutana na uti wa mgongo, na mtu anaweza kufa papo hapo bila kuonekana na jeraha la nje.

Hivyo ndivyo alivyokufa Dale Earnhardt, bingwa wa Marekani, katika mzunguko wa mwisho wa Daytona 500 mnamo Februari 2001. Kifaa cha kuzuia jambo hilo kilikuwepo tayari. Kinaitwa HANS, na kilibuniwa miaka ya 1980 na Robert Hubbard, profesa aliyechunguza jinsi mwili unavyovunjika katika ajali, pamoja na shemeji yake Jim Downing, ambaye alikuwa dereva wa mbio. Ni kama kola ngumu inayokaa mabegani chini ya mikanda, ikiwa na kamba mbili fupi zinazoshikana na helmeti, ili kichwa na kifua visimame kwa pamoja. Kwa miaka mingi madereva walikidharau wakisema kinawabana na kuwazuia kugeuza shingo. Formula One ilikifanya cha lazima mwaka wa 2003, na mbio za rali za dunia zikafuata.

Kwa sababu hiyo, Mama, helmeti ya pikipiki haifai. Haina vishikizo vya HANS, na bitana yake haikutengenezwa kwa ajili ya moto. Helmeti ya magari hupimwa pia kwa kugongeshwa kwenye bomba la keji, ajali ambayo mtu wa pikipiki haimhusu.

Kuhusu mikanda, waangalie pia jinsi itakavyofungwa. Mikanda ya mabegani hutakiwa kwenda nyuma ikiwa karibu kulala, mteremko wa nyuzi 10 hivi, na kamwe isizidi 45 kutoka ukingo wa juu wa kiti. Nimewahi kuona gari ambalo mikanda hiyo ilitoka begani ikateremka moja kwa moja hadi sakafuni nyuma ya kiti. Gari hilo likigonga, mkanda unamvuta mtu kuelekea chini na kuubana uti wake wa mgongo. Mwenye gari alikuwa amenunua mikanda mizuri sana, ya bei ghali, yenye lebo zote.

---

Mzee_wa_Buruburu amejibu:

Mimi niko upande wa baba yake, na nitasema bila kuzunguka.

Nimeifuata Safari tangu enzi za Joginder Singh na Shekhar Mehta, wakati magari yalipokuwa yakipita kwenye barabara za wananchi ambazo hazikufungwa. Dereva alikuwa akipanda kilima bila kujua kama upande wa pili kuna ng'ombe, lori au mtoto anayetoka shule, na timu zenye uwezo zilirusha helikopta mbele ya gari ili kumwonya. Hali hiyo iliendelea hadi mwaka wa 2002, Safari ilipotolewa katika mashindano ya dunia. Leo mikondo, yaani vipande vya barabara vya kushindania, imefungwa, na nakubali hayo ni maendeleo makubwa.

Hata hivyo vifaa havijamaliza kifo. Dereva wa rali Attilio Bettega alifariki Corsica tarehe 2 Mei 1985, na mwaka mmoja baadaye, tarehe ile ile, katika mbio zile zile, Henri Toivonen na mwelekezi wake Sergio Cresto wakateketea ndani ya Lancia yao. Mtasema hayo ni ya kale. Basi, dereva Craig Breen alifariki Aprili 2023 nchini Croatia akiwa mazoezini tu, hata mbio zenyewe hazijaanza, ndani ya gari la kiwanda lenye kila kifaa ambacho pesa zinaweza kununua. Kama gari la aina hiyo halikumwokoa, Subaru iliyo juu ya mawe Umoja itamwokoaje kijana wetu? Mama Dan, pesa za chama zina kazi nyingine nyingi.

---

Kiti_cha_Kushoto amejibu:

Mzee wangu, siwezi kubishana nawe kuhusu Breen. Nguzo ya uzio iliingia kupitia dirishani, na hakuna mkanda wala kola inayoweza kuzuia kitu cha namna hiyo. Hatari ya aina hiyo ipo na itabaki, na yeyote anayemwambia Mama Dan kwamba inaweza kufikishwa sifuri anamdanganya.

Lakini magari ya 1986 ni kesi tofauti. Yale ya Kundi B, daraja la magari ya rali la enzi hizo, yalikuwa na nguvu kupita kiasi kwa uzito wake mdogo, na lile la Toivonen lilikuwa na tangi la mafuta chini ya kiti. Wakuu wa mchezo hawakungoja: Kundi B liliondolewa katika ubingwa wa dunia kuanzia 1987. Ukiyaweka mambo hayo mawili pamoja, Breen na Toivonen, unachanganya ajali isiyozuilika na ile iliyotokana na maamuzi ya watu. Mama anauliza kuhusu hii ya pili, kwa sababu bajeti ya kwenye daftari ni maamuzi.

---

FundiBomba amejibu:

Nimesoma hadi hapo penye "mabomba atakayoyachomelea mwenyewe pamoja na rafiki yake" nikaona lazima niingie.

Keji ndiyo nyumba yenyewe. Gari la kawaida likipinduka, paa hushuka hadi vichwani, na kazi ya keji ni kuhakikisha kwamba nafasi waliyoketi watu haipungui, hata kama gari lote lililobaki limekunjwa. Kwa hiyo bomba lake lina masharti. Tao kuu, lile linalosimama nyuma ya viti, hutakiwa kuwa la chuma cha kaboni kilichovutwa kikiwa baridi, kisicho na mshono, chenye kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au kipenyo cha 50 na unene wa 2.0. Vipande vingine vingi vinaruhusiwa kuwa 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2.0. Hivyo ni vipimo vya chini vya shirikisho la dunia, FIA, na havijatolewa hewani.

Sasa twende dukani. Ukiingia kwenye maduka ya vyuma hapa Nairobi na kuomba bomba la inchi moja na nusu, mara nyingi utapewa bomba jeusi la mageti na vitanda, ambalo ni bati lililokunjwa likachomelewa kwa urefu. Kwa nje limesuguliwa, huoni kitu. Mwambie kijana atie tochi kwenye tundu la bomba na kupitisha kidole ndani: akikuta mstari ulioinuka unaokimbia kutoka mwanzo hadi mwisho, huo ndio mshono, na hapo ndipo bomba litakapofunguka gari likiangukia paa. Wapo pia wanaotumia bomba la maji kwa sababu ni nene na linang'aa. Hilo limepakwa zinki. Ukilichomelea bila kuiondoa zinki, moshi mweupe unaotoka ni sumu kwa mchomeleaji, na weldi yenyewe inabaki na vitundu kama mkate wa sinia. Ukiipaka rangi inapendeza kabisa, na ndiyo maana mimi humwambia mteja alilete gari kabla keji haijapigwa rangi.

Mahali pengine penye udanganyifu ni miguuni. Keji inaweza kuwa na bomba safi lakini imesimamishwa juu ya sakafu iliyoliwa na kutu, na itaitoboa kama kidole kinavyotoboa karatasi siku gari likidondoka. Kila mguu wa tao kuu huwekewa bamba la chuma la unene wa milimita 3, lenye eneo lisilopungua sentimita mraba 120, na boliti zisizopungua tatu za M8 za daraja la 8.8. Subaru iliyokaa juu ya mawe uani, mimi ningeanza kwa kuikwangua sakafu kwanza kabla ya kuzungumza habari ya turbo.

Jambo moja ambalo vijana hawapendi kulisikia: gari lenye keji si gari la kwendea kazini. Ndani yake kuna bomba la chuma umbali mdogo kutoka kichwani mwako. Ukiwa na helmeti, na kiti cha mbio, na mikanda iliyokaza, na sponji ngumu kwenye mabomba yaliyo karibu na kichwa, keji inakulinda. Ukiwa umevaa kofia ya kawaida na mkanda wa dukani unaolegea, ukigongwa na matatu pale Jogoo Road, bomba lile lile ndilo litakalokupasua kichwa. Kama anapanga kuitumia Subaru hiyo katikati ya wiki pia, muulize vizuri.

---

Daktari_wa_Vumbi amejibu:

Nimefanya kazi ya huduma ya dharura kwenye mbio, na nitaongeza yanayotokea baada ya gari kusimama, kwa sababu majibu yote yameishia kwenye kishindo.

Tazameni ajali ya Romain Grosjean, dereva wa Formula One, nchini Bahrain mnamo Novemba 2020. Gari lilipasuka vipande viwili, nusu ya mbele ikapenya kizuizi cha chuma, mafuta yakawaka. Alikaa ndani ya moto kwa karibu sekunde 28, kisha akatoka kwa miguu yake, akiwa na majeraha ya moto hasa mikononi. Upinde wa juu ya kichwa ambao madereva wengine waliucheka ulipoletwa mwaka wa 2018 ndio uliosukuma kizuizi kisimkate kichwa. Lakini ovaroli na nguo za ndani zisizoshika moto ndizo zilizomnunulia muda, na daktari alikuwa amefika ndani ya sekunde chache kwa sababu gari la matibabu lilikuwa likiwafuata nyuma katika mzunguko wa kwanza.

Kwetu kwenye mkondo wa vumbi wa Safari, kama Kedong au Soysambu, hakuna gari la daktari linalokufuata nyuma. Watu wa kwanza kufika kwako ni wewe mwenyewe, mwelekezi wako, na washindani wanaokuja baada yako. Kwa hiyo sekunde ambazo nguo inakupa ni zako za kujitoa. Avae nguo za ndani zinazotakiwa na wala si fulana ya nailoni, maana nailoni huyeyuka na kushikamana na ngozi. Glavu asizivue ati mikono inatoa jasho.

Mitungi ya kuzimia moto iwe imefungwa kwa mikanda ya chuma mahali ambapo mkono unafika, kwa sababu mtungi uliolegea ni kombora gari likipinduka. Visu vya kukatia mikanda viwe viwili, na kila mmoja aweze kukifikia chake akiwa amefungwa kitini. Watu hununua visu hivyo na kuviweka mlangoni, ambako mkono haufiki mkanda ukishakazwa. Baada ya ajali, kibao cha kijani chenye maandishi ya OK huonyeshwa magari yanayofuata kama wote wako salama, na cha SOS chekundu kama kuna anayehitaji daktari. Pembetatu ya kuakisi mwanga huwekwa angalau mita 50 nyuma, kwa upande ambao magari yanatokea. Haya ni masharti ya kawaida ya rali, lakini nimekuta kibao kikiwa bado kwenye nailoni yake ya dukani, chini ya kiti, chini ya chupa za maji.

Kuna zoezi ambalo ningependa kijana alifanye gereji kabla ya mbio zozote. Ajifunge kikamilifu, afumbe macho, kisha atoke. Arudie hivyo hivyo akitokea upande wa mwelekezi. Halafu ajifunze kwamba gari likiwa limelalia paa hafungui mkanda kabla ya kutanguliza mkono mmoja na kujikinga, kwa maana mkanda ukiachia, uzito wake wote unaanguka juu ya shingo. Shingo zilizopona kishindo zimewahi kuumizwa hapo.

Na wewe, Mama Dan, utakapokwenda kumtazama, usisimame upande wa nje wa kona, hata kama kila mtu amesimama huko na picha zake ni nzuri. Gari likishindwa kukata kona huenda huko huko. Ureno mwaka wa 1986 gari liliwaingia watazamaji likaua 3 na kujeruhi zaidi ya 30. Mkiambiwa na wasimamizi wa njia mrudi nyuma ya utepe, rudini. Barabara ya kurudi nyumbani kutoka kwenye mbio Naivasha jioni ya Jumapili siisemi hapa, ingawa mimi huiogopa kuliko mkondo wowote.

---

MamaDan_Umoja ameandika:

Nawashukuru nyote, hata Mzee wa Buruburu, ambaye maneno yake nimemsomea baba Dan naye akafurahi kupata mwenzake. Dan mwenyewe amesoma kila kitu. Kuhusu bomba amenyamaza kidogo, kisha akaniambia alilonunua ni la mageti. Kuhusu helmeti amekubali. Anapobishana ni kwenye mikanda: anasema ni ya jina kubwa, imetoka Uingereza, haina hata mkwaruzo, na kwamba kuikataa ni kutupa pesa. Pia anauliza kama autokrosi, ambako mtu anashindana na saa kwenye uwanja wa udongo, kweli inahitaji vyote hivi.

---

FundiBomba amejibu:

Mwambie Dan aigeuze lebo iliyoshonwa kwenye mkanda asome tarehe. Mikanda ya viwango vya FIA huandikwa mwaka wa mwisho wa kutumika, na sababu ni kwamba utepe wake hudhoofishwa na jua, jasho na mafuta bila kuonyesha mkwaruzo wowote. Isitoshe, mkanda uliowahi kuzuia mtu katika ajali kali umekwisha kunyooka, na kazi yake imekwisha hata kama unang'aa. Anayekuuzia hatakuambia kama gari ilimotoka lilipinduka. Mara nyingi wanaotupa mikanda huko ughaibuni wanaitupa kwa sababu tarehe imepita, ndipo inapofika huku ikiwa "safi". Viti navyo vina tarehe, asisahau.

Kuhusu autokrosi, kasi ni ndogo kuliko ya mikondo ya rali, lakini magari hupinduka huko pia, tena mara nyingi, kwa sababu mitaro ya udongo hulinasa tairi la upande gari likiteleza. Masharti ya daraja atakaloingia ayapate KMSF, shirikisho la mbio za magari la Kenya, pamoja na leseni, kabla hajakata bomba hata moja, na amwonyeshe mkaguzi mchoro wa keji ikiwa bado ni karatasi. Mkaguzi akikataa mchoro umepoteza penseli. Akikataa keji iliyokwisha kuchomelewa, umepoteza mabomba, gesi na wiki za kazi.

Turbo iliyomo kwenye gari hilo, kama inavuta, inamtosha kwa msimu wa kwanza. Pesa hizo zinunue HANS na helmeti yenye vishikizo vyake, halafu mikanda mipya. Bomba la mageti asilitupe, atalipata mtu wa kulinunua. Akitaka, Jumamosi alete kipande cha lile jipya atakalopata, nikiangalie na kukipima unene mbele yake.